Kutoboa Matundu ya Kupoozea Kwenye Bodi ya Gari la Rimoti

Bodi ikishakatwa hairudi. Ndiyo maana kazi hii huanza na kipimajoto, mkasi ukafuata baadaye sana. Magari mengi ya rimoti yaliyotobolewa kama chekeche yalikuwa na ugonjwa mahali pengine: gia ndogo ya mota yenye meno mengi mno, beringi iliyokauka, tairi linalosugua bodi, au injini ya nitro, ile inayochoma mafuta ya methanoli na nitromethani, iliyonyimwa mafuta. Hayo hayaponywi na tundu.

Jaribio ni jepesi. Endesha gari dakika tano likiwa na bodi yake, kwa mwendo ule ule wa mashindano. Lisimamishe, ng'oa pini zinazoshika bodi, pima joto la mota ndani ya sekunde kumi. Ukichelewa utasoma namba nyingine, kwa sababu joto lililojificha kwenye nyaya za ndani huendelea kupanda nje hata mota ikiwa imesimama. Acha gari lipoe kabisa, kisha rudia dakika tano bila bodi, mahali pasipo na ukuta wala mawe ya kugonga. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo karibu faida yote ambayo matundu yanaweza kukupa. Ukipata digrii 84 ukiwa na bodi na 81 bila bodi, weka mkasi chini. Punguza jino moja au mawili kwenye gia ya mota, zungusha kila gurudumu kwa mkono utafute panapokaza, kisha pima tena. Ukipata 84 na 66, bodi ndiyo inayokubana. Endelea.

Kipimajoto cha infraredi hudanganywa na metali inayong'aa, husoma chini ya joto halisi. Bandika kipande kidogo cha tepu nyeusi ya umeme kwenye mwili wa mota, au paka doa la kalamu ya maka nyeusi, na upime hapo hapo kila siku.

Namba za kulenga: mota isiyo na brashi isipite digrii 80 kwa nje, maana ndani kuna joto zaidi, na sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida hupoteza nguvu kwa kudumu zikizidi hapo. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) isifike 60. Injini ya nitro hupimwa kwenye kichwa, karibu na plagi, na wengi huiweka kati ya 95 na 120. Kumbuka pia kwamba joto la gari hujumlishwa juu ya joto la hewa. Gari lililosomwa 60 kwenye uwanja wa Ulaya siku ya digrii 15 litasoma karibu 77 Tanga au Mombasa siku ya digrii 32, bila kitu chochote kubadilika. Ukiiga gia na matundu ya mtu aliye kwenye baridi, umeiga nusu tu ya hesabu yake.

Hewa inapoingia na inapotoka

Kosa kubwa kuliko yote ni kufungua mbele na kuiacha nyuma ikiwa imezibwa. Hewa haiingii chumba kisicho na mlango wa kutokea. Inajaa, inasimama, na gari linaanza kubeba parachuti ndani ya bodi. Ukipewa nafasi ya kutoboa tundu moja tu, litoboe la kutokea. Hewa ya kuingia itapata njia chini ya bampa, pembeni mwa chasisi na kwenye upenyo wa magurudumu.

Mahali pa kuingizia ni pale hewa inapogonga na kusimama: pua ya gari, na sehemu ya chini kabisa ya kioo cha mbele, pale boneti inapokutana na kioo. Mahali pa kutolea ni pale hewa inapokimbia kwa kasi au kuachana na bodi: ukingo wa mbele wa paa, madirisha ya pembeni karibu na nguzo ya mbele, kioo cha nyuma, na ukuta wa nyuma wa gari. Tundu kwenye ukingo wa mbele wa paa hunyonya hewa nje hata kama umelitoboa ukidhani litaingiza. Vilevile dirisha la pembeni la mbele: wengi hulikata "liingize upepo", kumbe linautoa. Si vibaya, mradi ujue unachofanya.

Halafu kuna njia yenyewe. Hewa ni mvivu, hupita palipo rahisi. Tundu la kuingilia kwenye kioo cha mbele na la kutokea juu ya paa, sentimita sita tu kutoka hapo, huifanya hewa iingie na kutoka bila kuigusa mota iliyolala chini nyuma. Chora mstari wa kufikirika kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea. Mstari huo ni lazima ukatize juu ya mapezi ya kupoozea ya ESC, ile kontrola inayogawa umeme kwa mota, na juu ya mota yenyewe. Usipokatiza, hamisha tundu kabla hujalitoboa.

Feni hubadilisha mambo kidogo. Feni ya milimita 30 au 40 iliyofungwa juu ya mota ndani ya bodi iliyozibwa huzungusha hewa ile ile ya moto, raundi baada ya raundi. Tundu la kipenyo sawa na feni, juu yake moja kwa moja, huipa hewa mbichi. Acha nafasi ya milimita 5 au zaidi kati ya bodi na feni, la sivyo gari likipinduka bodi itabonyea na kusimamisha mapanga yake.

Ukubwa wa matundu

Watu hutoboa mno. Hesabu fupi: mota inayokula wati 300 kwa wastani na kugeuza asilimia 80 kuwa mwendo huacha wati 60 za joto. Ili hewa izibebe wati 60 huku yenyewe ikipanda digrii 20, zinahitajika takriban lita 2.5 kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakutana na hewa kwa mita 11 kwa sekunde. Hata hewa ikipenya kwa nusu ya mwendo huo, tundu moja la milimita 30 hupitisha karibu lita 3.9 kwa sekunde. Tundu moja, likikaa mahali pake, latosha. Na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo msukumo unavyopanda kwa kipeo cha pili: takriban paskali 74 kwenye kilomita 40, na 296 kwenye kilomita 80.

Eneo la tundu ndilo la kuangalia, usihesabu idadi. Tundu la milimita 30 lina milimita za mraba 707, la 25 lina 491, la 20 lina 314, na la 15 lina 177 tu. Matundu manne ya 15 ni sawa na moja la 30, ila yana kingo nyingi zaidi za kuanzisha nyufa. Njia za kutokea, zikijumlishwa, ziwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya njia za kuingilia, kwa sababu hewa iliyopata joto imetanuka na imepoteza msukumo kwa kuzungukazunguka ndani. Kwa bagi, lile gari la kukimbilia vumbini, au gari la barabarani la skeli ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) lenye mota ya wastani, anza na kuingilia kwa 25 na kutokea kwa mawili ya 25 au upenyo mmoja wa milimita 20 kwa 45. Kukuza tundu ni kazi ya dakika mbili, kulipunguza hakuna.

Kanuni za uwanja

Kama gari ni la mashindano, soma kanuni za daraja lako kabla ya kalamu kugusa bodi. IFMAR ndilo shirikisho la dunia. Chini yake kuna EFRA ya Ulaya na ROAR ya Amerika Kaskazini, na klabu nyingi hunakili kanuni kutoka huko kisha kuongeza zao. Madaraja ya touring, yaani magari ya mashindano ya barabarani, ndiyo makali zaidi kuhusu madirisha, kwa kuwa kukata kioo cha nyuma hubadilisha hewa inayolifikia bawa. Bagi huachiwa uhuru mwingi. Bodi ikikataliwa kwenye ukaguzi asubuhi ya mashindano, mtobozi hana cha kujitetea.

Vifaa

Bodi nyingi ni polikaboneti, ambayo watu huiita kwa jina la biashara, Lexan. Unene wa kawaida ni milimita 0.75, bodi nyepesi za mashindano huwa 0.5, na za pikapu hufika 1.0. Unahitaji:

Rima ya bodi, ile koni yenye makali inayozungushwa kwa mkono. Ya hadi milimita 14 inatosha kwa matundu ya antena na ya nguzo zinazobeba bodi juu ya chasisi. Kwa kazi hii tafuta inayofika 18 au zaidi. Mkasi mdogo wenye ncha zilizopinda, wa kukata Lexan; mkasi wa kucha uliopinda hufanya kazi kwenye bodi ya 0.5 ila huchoka haraka. Kisu chenye wembe mpya wa ncha kali. Wembe butu ndio hukata vidole, kwa sababu unalazimika kuusukuma. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kalamu ya maka, rula ya kupinda, msasa namba 240, 400 na 600. Kisha wavu wa nyuzi za fiba, ule unaobandikwa kwenye maungio ya bodi za jipsamu, unaopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, na gundi ya mpira kama Shoe Goo. Miwani ya kukinga macho isisahaulike: kipande cha polikaboneti kinachokatika huruka.

Mashine ya kuzungusha aina ya Dremel ni ya hiari. Ukiitumia, weka ngoma ya msasa na mwendo wa chini kabisa, mizunguko 5,000 hadi 8,000 kwa dakika. Juu ya hapo plastiki haisagiki tena, inayeyuka na kugandamana kwenye msasa, kisha mashine inaruka na kuchora mstari mrefu katikati ya boneti.

Keekee ya kawaida ya chuma usiitumie. Makali yake hushika plastiki nyembamba, huivuta juu, na kuipasua pembe tatu kwa mpigo.

Kuchora

Wakati bora wa kupima ni bodi ikiwa mpya, bado haijapakwa rangi, kwani unaona ndani. Ivishe kwenye nguzo zake juu ya chasisi kamili yenye betri, mota na feni, kisha uchore kwa maka juu ya plastiki ya kinga ya nje: mzunguko wa mota, mapezi ya ESC, kichwa cha injini, minara ya shokapu. Michoro hiyo ndiyo ramani yako.

Bodi iliyokwisha kupakwa rangi inahitaji ujanja. Weka kitone cha rangi mbichi au dawa ya meno juu ya feni au kichwa cha injini, shusha bodi taratibu mpaka iguse, inyanyue. Doa la ndani ndilo kitovu. Pima umbali wake kutoka nguzo mbili za bodi na uhamishe vipimo hivyo nje.

Bandika tepu ya karatasi nje na ndani pale utakapokata. Tepu ya nje huonyesha mstari na kuzuia kisu kuteleza; ya ndani hushika rangi isibanduke. Kwa tundu la mviringo chora kwa kufuata sarafu au kifuniko cha chupa. Kwa dirisha au umbo la pembe, kata patani ya kadibodi kwanza, ukunje katikati ili upande wa kulia na kushoto ulingane, uigeuze ili kupata dirisha la pili. Jicho likiachwa peke yake halipati matundu mawili yanayofanana kwenye bodi iliyopinda.

Acha angalau milimita 12 za plastiki nzima kati ya tundu na tundu, kati ya tundu na ukingo wa bodi, na 15 kutoka tundu la nguzo yoyote ya bodi. Usitoboe kwenye mkunjo mkali, kama ule wa boneti na madigadi. Hapo ndipo plastiki ilivutwa ikawa nyembamba kiwandani, na ndipo bodi hujikunja inapogonga.

Kukata tundu la mviringo

Anza na ncha ya wembe: izungushe kama unachokora, upate tundu la milimita 2. Ingiza rima kutoka nje, ishike wima, izungushe kwa mkono huku ukiisukuma kidogo sana. Kila mizunguko miwili itoe uondoe vinyuzi. Ukihisi imeshika, usiongeze nguvu. Irudishe nyuma nusu mzunguko. Ukikaribia kipimo, geuza bodi na umalizie mizunguko michache kutoka ndani, kwa kuwa rima ni koni na tundu lake huwa pana upande mmoja kuliko mwingine.

Kwa tundu linalozidi ukubwa wa rima, fika 12 kwanza, kisha ingiza mkasi uliopinda na ukate kwa kuzunguka kama konokono kuelekea mstari. Siri ya mkasi ni moja: usiufunge mpaka mwisho. Kila unapofunga ncha kabisa unaacha kidonda kidogo ambacho hakionekani leo na kesho ni ufa. Kata kwa katikati ya makali, sukuma mbele, kata tena. Geuza bodi, mkono utulie. Baki milimita moja ndani ya mstari; msasa utamaliza.

Kukata dirisha

Pembe kali ndiyo adui. Msongo wote wa bodi inapogonga hukusanyika pale, na polikaboneti, pamoja na ugumu wake unaosifiwa, haivumilii kidonda chenye ncha. Kwa hiyo kabla ya kukata pande, toboa kwa rima tundu la milimita 5 au 6 ndani ya kila kona. Hayo ndiyo mapindo ya dirisha lako.

Sasa kwaruza kwa kisu kutoka kona hadi kona, ukifuata rula ya kupinda. Mara ya kwanza gusa tu, ili mfereji uzaliwe. Mara ya pili na ya tatu ongeza kidogo. Usikate mpaka upande wa pili. Nusu ya unene inatosha. Kisha shika kipande cha katikati, kikunje kwenda ndani na nje mara kadhaa kwenye mfereji huo. Kitakatika kwa mlio mkavu na kuacha ukingo safi kuliko wa mkasi. Kipande kikigoma upande mmoja usikivute; kwaruza tena. Kuvuta ndiko kunakoupeleka ufa nje ya mstari hadi kwenye paa.

Ulimi wa kuvuta au kutoa hewa

Badala ya kuondoa kipande chote unaweza kukata pande tatu na kuuacha wa nne uwe bawaba. Ulimi ulioshikwa nyuma na kuinuliwa mbele huchota hewa kama mdomo. Ulioshikwa mbele na kuinuliwa nyuma huitoa. Kwa kupoozea, wa kutoa una faida mbili: unanyonya hewa ya ndani na hauokoti mawe. Upana wa milimita 25 hadi 30 na urefu wa 12 unatosha. Inua milimita 6. Miisho miwili ya mkato iishie kwenye matundu ya milimita 3, la sivyo ufa utaendelea pale kisu kilipoishia.

Ulimi ukikunjwa baridi hurudi nusu. Kuutuliza kunahitaji bunduki ya hewa moto, kwa sababu polikaboneti hulainika karibu na digrii 147 na kikausha nywele hakifiki huko kwa urahisi. Pasha kwenye mkunjo tu, kwa mbali, ukichezesha bunduki bila kusimama. Ukiona viputo vidogo vyeupe, ni unyevu uliokuwa ndani ya plastiki unaochemka. Sehemu hiyo tayari imeharibika. Fanya hivi kabla ya rangi, maana rangi haiuvumilii moto huo.

Kingo, rangi na kuimarisha

Ukingo ndio unaoamua umri wa bodi. Piga msasa wa 240 kuondoa meno, 400 kufuta mikwaruzo ya 240, na 600 mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Piga kwa kufuata ukingo, usiukatize. Kwa matundu ya mviringo, zungushia msasa kwenye kalamu au kijiti.

Kama bodi bado haina rangi, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke, kisha uzibe matundu kwa tepu kutoka nje kabla ya kupuliza ndani. Tumia rangi ya polikaboneti pekee. Rangi ya kawaida ya kopo huganda ngumu na kumenyeka bodi inapojikunja. Kwa gari la nitro rangi iwe inayostahimili mafuta ya methanoli na nitromethani.

Baada ya rangi kukauka siku nzima, kata pete ya wavu wa fiba yenye upana wa milimita 15, ibandike ndani kuzunguka tundu, paka Shoe Goo juu yake na uisambaze kwa kidole kilicholowa maji mpaka nyuzi zizame. Tabaka jembamba. Acha saa 24. Supagluu hukauka haraka na inavutia, lakini huufanya ukingo uwe mgumu na mkavu, na kigumu ndicho hupasuka. Kwa matundu yaliyo chini ya milimita 15 pete haihitajiki.

Weka mbali na bodi thina, asetoni, na ile gundi ya majimaji ya kufungia skrubu. Tone moja la gundi hiyo kwenye kingo zilizokatwa hufumua nyufa ndogo kama utando wa buibui ndani ya dakika chache. Kusafisha alama za gundi ya tepu tumia spiriti ya kusafishia vidonda.

Bagi ya nitro ya 1/8

Hapa tundu lina kazi zaidi ya kupoza: kichwa cha injini chenyewe hupenya bodi, kifuniko cha tangi kinahitaji kufunguka mkono ukiwa na chupa ya mafuta, na kiwashio lazima kiifikie plagi. Acha milimita 6 hadi 8 kuzunguka kichwa pande zote, kwani injini hutikisika na mapezi ya moto yakigusa bodi huichoma. Ekzosi nayo ipewe nafasi kama hiyo. Kioo cha mbele hukatwa chote au nusu ya upande ulipo injini, ili hewa igonge mapezi moja kwa moja. Kisha sehemu iliyo nyuma ya kichwa hufunguliwa kwa ukubwa usiopungua wa mbele.

Injini ya nitro ikipoa mno nayo huumwa. Chini ya digrii 90 hivi silinda haijatanuka vya kutosha, pistoni hubana juu, na mchanganyiko wa mafuta na hewa haukai sawa. Ndiyo maana madereva wa nchi za baridi huonekana wakiziba nusu ya kioo cha mbele kwa tepu. Na ikiwa joto limepita 130 huku moshi ukiwa haba, fungua sindano ya kabureta kwa kuongeza mafuta, wala usifungue tundu lingine.

Pikapu za short course na magari ya barabarani

Pikapu ya short course, ile ya mashindano ya viwanja vifupi vya vumbi, ina bodi pana iliyofunika magurudumu, na ikiruka hewa hujaa chini yake, pua hupanda, gari hutua kwa mkia. Matundu kwenye sakafu ya kibebeo cha nyuma na kwenye ukuta wa mkia hutoa hewa hiyo, na mota ikapoa humo humo. Mfululizo wa matundu ya milimita 20, umbali wa 15 kati yao, hufanya kazi vizuri kuliko dirisha moja kubwa, kwa kuwa eneo hilo hupigwa sana na linahitaji mbavu.

Gari la touring likatwe kwa ubahili. Kinachoruhusiwa mara nyingi ni kidogo na kinatosha: feni nzuri, upenyo mdogo chini ya kioo cha mbele, na njia ya kutokea pale kanuni zinapokubali. Kumbuka tundu la mbele lisilo na la kutokea huinua bodi na kulegeza ushikaji wa magurudumu ya mbele kwenye mwendo mkubwa.

Kuangalia kama imefanya kazi

Rudia jaribio la mwanzo: dakika tano, gia zile zile, doa lile lile jeusi, na uandike joto la hewa pembeni. Kama ulikuwa na 84 kwa bodi na 66 bila bodi, kufika 70 au 72 ni kazi nzuri. Ukibaki 80, tafuta njia ya hewa. Bandika nyuzi za sufi za sentimita 3 kando ya kila tundu, mwenzako arekodi kwa simu gari likipita. Uzi unaoingia ndani na uzi unaotoka nje husema kila kitu. Kwenye uwanja wa vumbi hata uzi hauhitajiki: fungua bodi baada ya raundi kumi utazame ndani. Panapong'aa hewa imepita, palipojaa vumbi imesimama.

Vumbi lenyewe na kokoto ni bei ya matundu. Wavu wa madirisha wa kuzuia mbu huziba upesi. Tafuta wenye matundu ya milimita 2 hadi 3, ubandike ndani kwa Shoe Goo, na uongeze ukubwa wa tundu kidogo kufidia hewa inayozuiwa na nyuzi. Epuka kuweka tundu la kuingilia moja kwa moja juu ya gia kubwa. Kokoto moja huteketeza meno yote.

Ufa ukitokea, usisubiri. Tafuta mwisho wake dhidi ya mwanga, toboa tundu la milimita 2 au 3 pale pale unapoishia, kisha ndani weka wavu na Shoe Goo urefu mzima wa ufa pamoja na sentimita moja kila upande.

Vipande vya madirisha ulivyokata usivitupe. Viandike majina kwa maka, kulia, kushoto, mbele, na uviweke kwenye sanduku la zana. Siku ya mvua au ya baridi hurudishwa mahali pake kwa tepu ya ndani, na vinavyobaki hutengeneza midomo ya kuchotea hewa ya bodi inayofuata.